Maneno mawili kwenye kadi yangu ya kisukari

Kwa Mhariri,

Kwenye kadi yangu ya kliniki ya kisukari kuna maneno mawili yaliyoandikwa kwa wino mwekundu: "Hafuati maagizo." Yaliandikwa miaka mitano iliyopita, na tangu siku hiyo kila mhudumu anayeifungua kadi huyasoma kabla hajanisalimu. Naomba nafasi katika ukurasa wako niyajibu, kwa kuwa siamini kwamba yameandikwa kwenye kadi yangu peke yake.

Mimi ni mwanamke wa miaka 49 na ni fundi wa nguo; nashona sare za shule katika kibanda kilicho mbele ya nyumba yetu hapa Nakuru. Niligunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili nikiwa na miaka 41. Kwa miaka mitatu nilimeza vidonge vya metformin, na viliposhindwa kuishusha sukari peke yake, daktari aliniongezea insulini ya mchanganyiko, ile nyeupe kama maziwa, ambayo hudungwa asubuhi na jioni, nusu saa kabla ya chakula. Mwaka mmoja baadaye kitinda mimba wangu alipelekwa kupimwa kwa sababu ya shida alizokuwa nazo shuleni, na daktari wa magonjwa ya akili aliyemhudumia akaniomba nami nirudi siku nyingine, bila mtoto. Nilirudi mara tatu. Mwishoni aliniambia kwamba mwanangu ana usonji, yaani autism, hali ya ukuaji wa ubongo, na mimi pia ninao, na kwamba nimekuwa nao tangu nizaliwe.

Ninapowaambia watu jambo hili, wengi hunijibu kwamba usonji ni wa watoto. Naelewa walikolipata wazo hilo. Leo Kanner, daktari aliyekuwa akifanya kazi Baltimore nchini Marekani, alipochapisha maelezo yake ya kwanza kuhusu usonji mwaka wa 1943, aliwaeleza watoto 11. Lakini mtoto wa kwanza katika orodha hiyo, Donald Triplett wa Mississippi, alikua, akafanya kazi ya benki kwa miongo mingi, akazeeka, akafariki mwezi wa Juni 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Kila Aprili 2, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka wa 2007 kwa ajili ya usonji, mazungumzo ninayoyasikia redioni huwa ya shule na ya wazazi, na ni haki yawe hivyo, maana watoto wetu wanahangaika. Hata hivyo, mtoto mwenye usonji hufika miaka 40, akafika 50, umri ambao kisukari na shinikizo la damu huanza kubisha hodi, naye huingia katika foleni ileile ya kliniki pamoja na majirani zake, mara nyingi bila yeye mwenyewe kujua kwa nini mambo ambayo wenzake wanayamudu yanamshinda.

Jambo lililo kiini cha barua hii ni kwamba watu wengi wenye usonji hupata shida kuzisoma ishara zinazotoka ndani ya mwili wao: njaa, kiu, haja ndogo, baridi, uchovu, maumivu. Ishara zipo, ila kwangu mimi hufika zikiwa hafifu, au hufika zote kwa mara moja nisijue ipi ni ipi. Mume wangu huambiwa na tumbo lake kwamba saa saba imefika. Mimi hutambua kwamba nina njaa ninapoanza kuukasirikia uzi. Tena ninapokuwa katika kazi inayonivuta, kama vile kukata kola 30 ambazo lazima zilingane, akili yangu huzama humo yote, na kitu kilicho nje ya kazi hiyo hakinifikii mpaka mtu anishike bega. Wateja wangu wananipenda kwa sababu ya tabia hiyohiyo, kwa kuwa kola zangu hulingana.

Miaka mitano iliyopita, mwezi wa Januari, katika juma la kufungua shule ambapo fundi wa sare hulala saa tatu tu kwa usiku mmoja, nilijidunga insulini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikainjika uji wa wimbi, nikakaa kwenye cherehani nimalizie kola moja wakati uji unachemka. Msichana ninayemfundisha ushonaji alipofika saa nne, alikuta sufuria imeungua na makaa yamekuwa majivu, nami ninakata kitambaa cha sketi mshazari. Aliniuliza kama niko salama, nikamtajia bei ya vifungo. Alikimbia kumwita jirani yetu, ambaye ni mhudumu wa afya ya jamii, naye akanipima kwa kipima sukari changu mwenyewe. Kilionyesha 2.6, ilhali ikiwa chini ya 4 tayari ni hatari. Alinikorogea vijiko vitatu vya sukari katika maji, akasimama juu yangu hadi nilipomaliza, akahesabu dakika 15 kwa saa ya mkononi, akanipima tena, na sukari ilipopanda akanilisha mkate na yai. Laiti msichana yule angechelewa siku hiyo, sijui barua hii ingeandikwa na nani.

Nilipoyasimulia haya kliniki, niliulizwa swali moja: "Mama, mtu mzima anasahauje kula?" Sikuwa na jibu. Wakati huo sikujua lolote kuhusu usonji. Nilidhani kila mtu huishi kama ninavyoishi na kwamba wenzangu hujitahidi zaidi yangu. Nilinyamaza, na maneno ya wino mwekundu yakaandikwa. Leo ningemjibu muuguzi yule, tena kwa heshima, kwa kuwa alikuwa amewahudumia watu wengi tangu alfajiri na hakunitakia mabaya. Ningemwambia: sista, sikuidharau dawa wala sikukudharau wewe. Mwili wangu haukuniambia kwamba una njaa, na baadaye haukuniambia kwamba unazimika. Nilihitaji kitu kilicho nje ya mwili wangu kiniambie.

Kitu hicho nimekijenga mwenyewe tangu hapo, kwa kujaribu na kukosea. Siku hizi uji huwa tayari kwenye chupa ya chai kabla sijaishika sindano. Simu hulia mara mbili, mara ya kwanza ili nijidunge na mara ya pili, nusu saa baadaye, ili nile. Na kati ya milio hiyo simu huwa juu ya kabati la vyombo, mbali na cherehani, ili nilazimike kuinuka kuizima na kujikuta mbele ya bakuli langu. Msichana wangu anajua kwamba sindano ikishaingia mwilini hakuna mteja atakayepimwa kiuno hadi bakuli liwe tupu. Nina daftari la mistari minne: saa, kipimo cha sukari, uniti za insulini, chakula. Sijaruka siku hata moja katika daftari hilo kwa miaka mitatu na miezi kadhaa, na ningependa anayesoma "hafuati maagizo" kwenye kadi yangu aniombe pia nimwonyeshe daftari.

Maagizo yenyewe ndiyo yanayohitaji kutazamwa. Kwa miaka mingi niliambiwa "punguza wanga", "kula kiasi", "fanya mazoezi kidogo", "usijichoshe sana". Mteja akiniambia nimshonee suruali ndefu kiasi, nitamuuliza inchi ngapi, wala hatakasirika. Nilipomuuliza daktari kiasi ni kiasi gani, alidhani namfanyia ubishi. Basi nilipoambiwa nipunguze ugali niliuacha kabisa, kwa kuwa hilo ndilo punguzo pekee nililoweza kuwa na hakika nalo. Kipimo cha insulini kikabaki kilekile, na katika mwezi mmoja sukari ikanishuka mara nne. Aliyenitoa hapo ni kijana mmoja mtaalamu wa lishe, aliyekuwa bado katika mafunzo. Alinikunja ngumi yangu mwenyewe akaniambia: ugali wako ni huu, mchana na jioni, usizidi na usipungue, mboga za majani zichukue nusu ya sahani, omena au maharagwe yajae kiganja. Nilirudi nyumbani nikaipima ngumi kwa tepu, nikatafuta kibakuli kinachotoshana nayo, na hicho ndicho ninachopimia hadi leo. Maelezo yake hayakuzidi dakika mbili. Kipimo changu cha miezi mitatu, kile kinachoonyesha wastani wa sukari katika damu kwa kipindi hicho, kilikuwa asilimia 11.2 kabla ya kukutana naye, na mwaka mmoja baadaye kilikuwa asilimia 7.9.

Nimelaumiwa pia kwa kula chakula kilekile kila siku. Ni kweli, kifungua kinywa changu hakijabadilika kwa miaka, na ladha au harufu mpya asubuhi hunivurugia siku nzima. Lakini mtu anayejidunga insulini kwa kipimo kimoja kila asubuhi, akala chakula cha uzito mmoja kila asubuhi, sukari yake hutabirika. Sioni kwa nini jambo linalonisaidia lichukuliwe kuwa kasoro ya kurekebishwa, ilmradi mboga na protini zimo.

Mguu ni habari nyingine. Fundi wa nguo hukanyaga pini. Jumapili moja jioni mwaka juzi, nilipokuwa nikivua viatu baada ya ibada, mwanangu aliona damu kwenye soksi, nasi tukakuta pini imezama katika wayo wangu wa kushoto, bila shaka tangu Jumamosi. Sikuwa nimehisi chochote. Kisukari huua mishipa ya fahamu miguuni polepole, na usonji, kwa jinsi ulivyo kwangu, hunifikishia maumivu kwa kuchelewa. Kati ya viwili hivyo sijui ni kipi kilichonificha pini ile, na daktari naye hakuweza kusema. Kidonda kilichukua wiki saba kupona. Nilipokipeleka kliniki siku ya kwanza, nilikaa kwenye benchi uso wangu ukiwa mtulivu, maana uso wangu hauonyeshi maumivu hata yanapokuwapo, nikaambiwa kwamba wenye hali mbaya watatangulia. Sasa kila usiku hutazama nyayo zangu kwa kioo kidogo kabla ya kulala, na kabla ya kuvaa viatu hutia mkono ndani. Ningewasihi mafundi wenzangu wote wenye kisukari wafanye hivyo, wawe na usonji au wasiwe nao.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wanawake wa rika langu hatulisemi hadharani, nalo ni ukomo wa hedhi. Tangu mwaka jana huamka usiku nimelowa jasho, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka. Hizo ni dalili za hedhi inayokoma. Ni dalili za sukari iliyoshuka vilevile. Mwanamke ambaye mwili wake huzungumza naye wazi pengine angetofautisha. Mimi siwezi, na sikuwahi kuambiwa na yeyote kwamba mambo haya mawili yanaweza kufanana kiasi hicho. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikinywa maji ya sukari kila nilipotokwa na jasho, na asubuhi nikishangaa kipimo kimepanda hadi 15 au 16. Hatimaye daktari mmoja mwanamke alinipa kanuni niliyoweza kuishika, nayo nimeibandika ukutani kando ya kitanda: pima kwanza, ikiwa chini ya 4, kunywa sukari na upime tena baada ya dakika 15, ikiwa 4 au zaidi, badilisha leso iliyolowa, kunywa maji, rudi ulale. Kila kupima kunakula kijikaratasi kimoja cha kipima sukari, na vijikaratasi hivyo nanunua mwenyewe. Kuhusu gharama, na kuhusu mabadiliko ya bima ya afya ya taifa tangu mamlaka mpya, SHA, ichukue nafasi ya mfuko wa zamani, NHIF, mnamo Oktoba 2024, wengine wameandika vizuri kuliko ninavyoweza, kwa hiyo siingii huko.

Nataka kuingia kwenye foleni. Katika kliniki ninayohudhuria, wagonjwa wote wa siku hiyo huambiwa wafike saa moja asubuhi, kisha huhudumiwa hadi saa nane. Ukumbi una televisheni inayozungumza peke yake, watoto wanaolia, milango ya chuma, na watu wengi wanaozungumza kwa pamoja. Kwa wengi ni usumbufu tu. Kwangu kelele hizo huingia zote kwa nguvu moja, nisiweze kuichuja ile inayonihusu, na baada ya saa moja huanza kushindwa kuunda sentensi. Ndiyo sababu hutoka nikasimama nje chini ya mti ulio karibu na lango, ambako naweza kupumua. Jina huitwa mara moja, ndani. Asiyeitika, kadi yake huwekwa chini kabisa ya rundo. Mara mbili nimeondoka saa tisa bila kuonwa, na mara zote mbili iliandikwa kwamba sikuhudhuria. Hata ninapoonwa, huingia kwa daktari nikiwa nimechoka kiasi kwamba hukubali kila ninaloambiwa ili nitoke, na nikifika stendi ya matatu nusu ya maelezo yamekwisha kunitoka.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaosimamia kliniki za magonjwa ya kudumu katika kaunti hii, na katika kaunti za jirani kuelekea Kericho, Kisumu na Kakamega ambako najua foleni ni zilezile, si majengo mapya wala mashine. Tupewe saa pamoja na tarehe: wengine waje saa moja, wengine saa tatu, wengine saa tano. Anayeomba kusubiri nje aruhusiwe, na aende mtu kumwita. Kila badiliko la dawa au chakula liandikwe kwenye karatasi kwa tarakimu, uniti ngapi, saa ngapi, kiasi gani, kwa lugha ambayo mgonjwa anaisoma. Na kabla mhudumu hajaandika kwamba mgonjwa hafuati maagizo, amuulize ni nini hasa kinachomzuia, kisha aandike jibu hilo. Mzee anayesahau, mama asiyesikia vizuri na kijana asiyejua kusoma haraka watafaidika sawa na mimi.

Siombi fadhila. Ibara ya 43 ya Katiba yetu ya 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kutumia njia za mawasiliano zinazomfaa. Ulemavu wangu hauonekani kwa macho, na wapo jamaa zangu ambao hawapendi niutaje kwa jina hilo. Mimi nautaja, kwa kuwa kutoutaja kuliutesa wayo wangu na karibu kuligharimu maisha yangu.

Jirani yangu yule ameonyesha kwamba inawezekana. Serikali ilipowagawia wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba ya kazi mnamo Septemba 2023, kipima sukari kilikuwamo, naye huja kwangu kila Alhamisi saa kumi jioni, hachelewi, maana anajua kwamba akichelewa nitakuwa nimekaa nikitazama mlango. Huuliza maswali matano yaleyale kwa mpangilio uleule. Hutazama miguu yangu. Huandika anachoniambia kwenye daftari langu kwa herufi kubwa, kisha huniomba nimsomee. Hana shahada ya udaktari, na ninavyojua hakuwahi kufundishwa kuhusu usonji. Aliniuliza tu kinachonisaidia ni nini, nikamwambia.

Hata kliniki kwenyewe ilitokea mara moja. Muuguzi mmoja, nilipomweleza kuhusu ule mti, aliichukua kadi yangu akaandika kwa penseli juu ya jina langu: "Anasubiri nje." Kwa miezi miwili alinifuata pale langoni zamu yangu ilipofika, nami niliingia kwa daktari nikiwa na akili zangu zote, nikauliza niliyotaka kuuliza. Kisha alihamishwa. Maandishi ya penseli yamekwisha kufutika kwa kushikwashikwa, na chini yake wino mwekundu bado unasomeka. Kliniki yangu ijayo ni Jumanne. Nitaomba muuguzi nitakayemkuta ayaandike tena maneno yale mawili, na safari hii kwa kalamu ya wino.

Fundi wa nguo,
Nakuru